Kuku Aliyechinjwa na Stacy

Kadii alirudi kutoka mtoni na mtungi wa maji kichwani, akakuta harufu ya mchuzi wa kuku imefika hadi kwenye migomba. Akafurahi. Kisha akayaona manyoya, akasimama.

"Stacy! Kuku huyu kachinjwa na nani?"

"Na mimi, Mama!" Mkaza mwanawe alitoka jikoni akifuta machozi ya moshi, uso umejaa cheko. Tangu aolewe na Kaingu akaletwa huku Minjila, kwenye boma lisilo na umeme wala bomba, hii ndiyo mara yake ya kwanza kushika kisu cha kuchinjia. Kwao Malindi kuku hununuliwa keshachinjwa na Mwislamu mwenye duka, wala hakuna anayeuliza. "Nilifumba macho, lakini nimemmaliza."

Kadii akatua maji polepole. Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Asubuhi alisema wageni waja, kuku apikwe. Hakusema wageni gani, wala hakusema kwamba jirani yao Bilal angepita kuchinja akitoka shamba.

"Wageni ni Duba na mkewe Sadia."

Stacy akashika mdomo. "Wale wafugaji? Waorma?"

Ndio hao, Waislamu wasiokula nyama isiyochinjwa na Mwislamu mwenzao. Mvua ilikuwa imenyesha sana huko juu, na kila mtu alijua mto utajaa. Waorma walikuwa wanahamisha mifugo kwenda kwenye ardhi iliyoinuka, na kesho zizi la Duba lingekuwa tupu. Kadii alikuwa na ng'ombe mmoja tu, Mapesa, tena mwenye mimba. Mafuriko yaliyopita yalimchukua mama yake Mapesa akiwa amefungwa kwenye kigingi. Safari hii Kadii alitaka Duba amchukue Mapesa pamoja na ng'ombe wake. Lakini Duba alikuwa ameapa hachungi tena ng'ombe wa mtu, tangu mkulima mmoja amwite mwizi kwa ajili ya ng'ombe aliyekufa kwa maradhi. Na neno zito kama hilo, kwa Kadii, halitajwi mbele ya mgeni mwenye njaa. Ale kwanza.

"Mama, tunyamaze tu," Stacy alinong'ona. "Kuku keshaiva. Nani atajua?"

"Mimi najua. Na wewe wajua. Tushakuwa wengi."

Wageni walifika jua likiwa bado kali, Sadia na kibuyu chake cha maziwa begani. Kadii akawatandikia mkeka kivulini mwa ghala, akawapa maji ya kunywa, akauliza habari za watoto, za mifugo, za malisho. Duba akavuta pumzi kwa pua.

"Mama Kaingu, leo utatulaza hapa kwa shibe!"

"Hapo ndipo pana neno, baba. Kuku ni wenu, lakini mkono uliomchinja si wenu. Ni mke wa mwanangu, na ni mimi sikumweleza. Siwezi kuwawekea."

Mlangoni mwa jiko, Stacy alitazama vidole vya miguu yake.

"Yuko mwingine," Kadii akaendelea, "yule aliyetamia pale. Kisu hiki hapa, Duba, mchinje mwenyewe."

Duba akamtazama kuku ndani ya kikapu kilichochakaa, naye kuku akamtazama. "Nimtoe mama wa watu juu ya mayai yake? Aka! Siwezi."

"Mwoneni," Sadia akasema. "Fisi hawaogopi, aogopa kuku." Akajifunga mtandio vizuri, akainuka. "Binti, jikoni mna nini?"

"Hamna kitu, shangazi. Ndizi mbichi tu."

"Ndizi zina shingo?"

Stacy akacheka hadi akashika mlango. Wakazichoma pamoja kwenye makaa, wakazimenya zikiwa bado zinaunguza vidole, wakazila kwa maziwa ya Sadia yenye harufu ya kibuyu kilichofukizwa. Duba alikula hadi ndizi ya mwisho. Alipomaliza akanawa, akajipangusa ndevu.

"Haya sema. Hukuniita kwa ndizi."

Kadii akasema. Duba akatikisa kichwa.

"Niliapa, mama."

"Nimesikia uliapa."

Hakubembeleza. Akakusanya maganda, akayatupia mbuzi, akarudi kukaa. Sadia akamwambia mumewe maneno machache kwa Kiorma.

"Huyu ananiuliza," Duba alisema, "aliyekataa kunidanganya kwa kuku, siku nikimletea ngozi nikasema ng'ombe wake amekufa, ataniita mwizi?"

"Nitakuuliza amekufa kwa nini," Kadii akajibu. "Kisha nitakupikia chai."

Duba akatazama chini, akacheka kidogo. "Haya, nitaenda naye. Maziwa yetu, ndama wako."

"Ndama wangu. Mengine tutazungumza maji yakishuka."

Jua lilipolegea Kadii alimfungua Mapesa kwa mkono wake. Ng'ombe akagoma. Akakita miguu ardhini, Stacy akimsukuma kwa nyuma bure. Duba akatoa sauti moja ya kooni, nyembamba, ya wachungaji, na Mapesa akainua masikio, akamfuata.

"Mama! Hata hakugeuka!"

"Heri hivyo," Kadii akasema, macho yakiwa bado njiani. "Angegeuka, ningemrudisha."