Gesi Ipo Tele

Hewa iliyotoka kwenye dashibodi ilikuwa ya moto kama pumzi ya mtu mwenye homa, na kila ilipompiga usoni, mama mkwe alijipepea kwa kipande cha boksi na kusema lile lile.

"Mwanangu alinunua gari lenye baridi. Sijui nani kaila hiyo baridi."

Mkamwana ndiye aliyeshika usukani. Tangu mama mkwe aanze kwenda hospitali kusafishwa damu, yeye ndiye dereva, yeye ndiye mbeba mkoba, yeye ndiye wa kukaa kwenye benchi mpaka makalio yafe ganzi. Mumewe alikuwa na kazi. Yeye naye alikuwa na kazi, cherehani yake ilikuwa barazani na nguo za watu zimerundikana, lakini anayefanya kazi nyumbani huonekana hana kazi. Wakifungua vioo, moshi wa malori unaingia na mama mkwe anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Wakifunga, wanachemka humo ndani kama viazi.

Basi mama mkwe akamtangaza. Aliwaambia wagonjwa wenzake kwenye foleni, akamwambia jirani wa ukuta kwa ukuta, akampigia simu binti yake: mwanamke huyu mbahili, anazima AC makusudi nife njiani apumzike. Mengine mkamwana aliyasikia kwa masikio yake, kasimama hapo hapo na mkoba wa msemaji mkononi. Akisema mashine ni mbovu, anajibiwa, "Mbovu! Mbona redio inaimba?"

Mumewe alikuwepo mara nyingi maneno hayo yakisemwa. Alikuwa akitazama simu. Akibanwa sana chumbani husema, "Gesi imekwisha. Nitajaza."

Asubuhi moja isiyo ya hospitali, mkamwana alifunika cherehani yake akalipeleka gari mwenyewe kwa fundi waliyemwita Baridi. Joto alikwisha kulizoea. Alichotaka ni kusafisha jina lake: fundi atamke kwa kinywa chake kwamba mashine ilikuwa mbovu, akamweleze mama mkwe, yaishe.

Fundi Baridi alikuwa mtu wa tumbo mbele na maneno nyuma yake. Alifungua boneti, akaunga mipira ya geji ya kupimia gesi, wa buluu na mwekundu, akainama kuzitazama sindano.

"Dada, nani kakwambia gesi imekwisha?"

"Mume wangu."

"Mlete nimpime yeye. Gesi ipo tele. Hebu washa AC."

Akawasha. Feni ikavuma.

"Zima. Washa tena."

Fundi alitega sikio kama mtu aliyebisha hodi akawa hajaitikiwa. "Hapa tungesikia tak! Hiyo ni kompresa inashika. Yako haishiki. Isiposhika, gesi inalala tu, na wewe unapulizwa hewa ya nje pamoja na jua lake."

Akaingia chini ya gari na tochi, akiimba. Wimbo ukakatika. Alipotoka hakuwa na mzaha tena. Alimwita mkamwana aje aone. Waya wa kompresa ulikuwa umechomolewa, ncha zake zimeviringishwa utepe mwekundu, zimefungwa pembeni zisigongegonge.

"Huu haukukatika," alisema. "Huu umechomolewa na mtu aliyetulia. Kuna fundi mwingine aliyeligusa?"

Mkamwana aliujua utepe ule. Ulikuwa kwenye rimoti ya televisheni, kwenye mpini wa fagio, kwenye mkono wa birika, kwenye miwani ya mama mkwe. Kila kilichovunjika nyumbani kwao, mumewe alikiviringisha hivyo, akilamba ncha ya kidole kwanza.

"Hakuna fundi mwingine."

Fundi akamwangalia, kisha akajifanya anatafuta spana. "Wengine husema AC inakula mafuta," alisema akiwa kampa mgongo. "Inakula, ndiyo. Ila si kwa kiasi hicho."

Akachomeka. Tak! Ubaridi ukaja, mkavu, mzuri. Mkamwana aliweka mkono pale unapotokea na asifurahi hata kidogo.

Jioni, wakila, aliuweka ule utepe mezani mbele ya mumewe. "Umetoka kwenye kompresa."

Mume akatafuna mpaka akamaliza. "AC inakula mafuta. Mngeiwasha safari nzima."

"Na Mama alipokuwa akisema ni mimi ninayeizima?"

"Sasa ningesema nini? Maneno ya wanawake hayo, yanapita."

Mkamwana akamgeukia mama mkwe. Hakuhitaji samahani, hata "kumbe" moja ingemtosha. Mama mkwe alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena.

"Mwanangu ana akili," alisema. "Marehemu baba yake alikuwa hivyo hivyo. Hapotezi kitu."

"Mama, umewaambia watu wote mimi ni mbahili."

"Ah, wewe nawe! Mgonjwa akiropoka neno kwenye joto unalibeba moyoni? Hebu sogeza mchuzi huo."

Akausogeza.

Siku ya hospitali ilipofika, wifi yake alikuja kumsindikiza mama. Alijitupa kiti cha nyuma, akapiga kelele, "Eh! Leo tumo ndani ya friji!"

"Mwanangu huyo," alisema mama mkwe, akijifunika mtandio magotini. "Alipoona nateseka akaacha shughuli zake, akalipeleka gari kwa fundi. Wengine wangeniacha nichemke mpaka nife."

"Kaka mtu wa maana jamani." Wifi akanyoosha mkono, akamgonga mkamwana begani. "Wifi, una bahati ya mume!"

Mkamwana alikuwa akilitazama lori la mbele. Alizungusha swichi ya feni mpaka mwisho, feni ikavuma kuzishinda sauti zao, asiyasikie yaliyofuata.