Mkwe na Nyuki wa Busitema

Kwa Wasamia, mtu na mama mkwe wake hawagusani hata mkono, wala hawatazamani usoni. Sasa utawatiaje ndani ya gari moja dogo, kutoka Busia mpaka harusini Mukuju? Nerima alitundika leso katikati. Mbele alikaa mumewe Oguttu kwenye usukani, na yeye kando yake na mimba ya miezi minane. Nyuma ya leso, alikaa mama yake Nerima, jina lake Taaka, na mjukuu wake Elinah, wa miaka minne. Miaka saba ya ndoa, Oguttu alimjua mama mkwe kwa kikohozi tu.

Ndani ya msitu wa Busitema, trela lilikuwa limepinduka na kuziba barabara. Magari yakapangana mbele na nyuma. Joto lilipozidi, wakashusha vioo.

"Mama, nyuki amemuuma nyanya shingoni," Elinah alisema. Baada ya kitambo: "Mdomo wa nyanya umekuwa mkubwa."

Nerima akafunua leso, na Oguttu akasikia pumzi ya mama mkwe ikikwaruza. Akainamisha macho kwenye viatu vyake. Jamani, mtu anakufa na wewe unatazama viatu! Lakini ndivyo alivyolelewa, na aibu si shati, useme utaivua uitundike.

"Mbebe," Nerima alisema.

"Mimi?"

"Unaona mwingine hapa? Au mimi na tumbo hili?"

Oguttu alishuka, akafungua mlango wa nyuma. Taaka, uso umemvimba, alitikisa kichwa: hapana. Afadhali afe na heshima yake. Mkono wa Oguttu ulibaki hewani, maana alitaka sana kumtii. Kisha midomo ya yule mama ikaanza kugeuka kijivu.

"Nisamehe, Mama," alisema, akamnyanyua.

Pikipiki za bodaboda zilikuwa zikipenya kati ya malori. Alisimamisha moja, wakapanda mshikaki: dereva, Taaka katikati, na Oguttu nyuma amemkumbatia asianguke. Watu kwenye mabasi walichungulia, na waliowajua wakashika vinywa. Oguttu aliona haya mpaka machozi yakamtoka, lakini hakulegeza mikono. Kila pumzi ilipokatika alimbana zaidi, akimwomba Mungu airudishe.

Kwenye zahanati ndogo, kilomita mbili mbele, muuguzi alimchoma Taaka sindano, kisha ya pili. "Asilale," alisema. "Akae wima, umwegemeze mpaka apumue vizuri." Akakimbilia majeruhi wa trela.

Oguttu alibaki mlangoni, nusu ndani nusu nje. Kule njiani alisukumwa na hofu. Hapa angemshika kwa akili timamu, na hakuweza.

"Geuka," Taaka alisema, sauti imemkauka. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu amwoe binti yake. Aligeuka. "Njoo kinyumenyume. Kaa."

Alirudi hatua kwa hatua, akakaa ukingoni mwa kitanda. Mgongo wa yule mama ukaegemea wake, mzito na wa moto. Wakakaa hivyo, kila mtu akitazama ukuta wake, na Oguttu akaisikia ile pumzi ikipanda na kushuka kwenye mbavu zake mwenyewe.

"Nerima akiuliza," Taaka alisema pumzi ilipotulia, "mwambie hatukutazamana."

"Ndiyo, Mama."

"Na usitikisike, mwanangu. Nimechoka."