Eksozi ya Wifi

Kaka yangu ni fundi wa eksozi, na gari lenye eksozi mbovu kuliko yote mtaani lilikuwa la mke wake. Watu walicheka, wakadhani ni uvivu. Mimi ninayefanya naye kazi gereji moja nilijua si uvivu, ni wivu.

Wifi husambaza mikate madukani kwa kigari chake. Bomba la moshi lilikuwa limeoza, na masega, ile sehemu inayochuja moshi, yalikuwa yamekufa kabisa. Akitoka bekari tunamsikia. Akikata kona ya duka la dawa tunamsikia. Kaka amelala chini ya gari la mteja, spana mkononi, masikio yako barabarani. Kelele zikinyamaza mahali pasipo na duka, na yeye anaacha kazi. Jioni anamtupia maneno: leo ulipumzika kwa nani? Kila wifi akiomba atengenezewe, jibu ni kesho.

Wiki iliyopita kaka aliitwa mbali kutengeneza lori. Siku aliyorudi alikuwa ananawa mikono pale gereji, akageuka, akamkuta mke wake nyuma yake. Gari lilikuwa limeegeshwa mlangoni na hakusikia hata mlio. Uso ulimbadilika palepale.

Hakumsalimia. Aliingia uvunguni na tochi. Masega mapya, mabomba mapya kutoka mbele hadi nyuma, hata raba za kuyashikilia ni mpya. Alipotoka alisimama mbele ya mke wake.

"Nani huyu aliyetengeneza?" akauliza.

"Fundi," wifi akajibu, akaenda kupanga kreti zake.

Usiku ule kaka hakupata usingizi. Asubuhi alizunguka gereji zote kumtafuta huyo mwanaume. Aliyemshuku zaidi ni Ndevu, fundi mwenzake ambaye zamani alimposa wifi akakataliwa. Alimfanya achomelee kipande cha bomba mbele yake, ili alinganishe mshono wake na ule wa gari la wifi. Ndevu alichomelea huku anacheka, na kazi yake ikatoka mabonge mabonge. Kaka akarudi amenuna, roho inamuuma mara mbili: mke kahudumiwa na mtu mwingine, na huyo mtu anaijua kazi.

"Mshono umenyooka kama wa cherehani," aliniambia kwa uchungu. "Kaanzia chini, akarudia juu mara ya pili ili usivuje. Nani anafanya hivyo mji huu?"

Nilijaribu kujizuia, nikashindwa. Nilimwambia anayefanya hivyo ni yeye mwenyewe, na dada yake, ambaye yeye alimfundisha kwa kumgombeza kila siku, anzia chini wewe, anzia chini.

Aliitazama mikono yangu. Kidole kilikuwa bado na alama ya moto.

"Wewe?"

"Mimi. Tena mlango wa gereji ulikuwa wazi mchana kutwa."

Akakaa juu ya tairi, akashusha pumzi. Kumbe hakuna mwanaume. Nilikiona kicheko kikimjia, na wifi, aliyekuwa anapakia kreti pale mlangoni, akakiona pia.

"Usicheke," alimwambia. "Ulifurahia nipite mjini nachekwa, ili wewe ujue niko wapi. Sasa kelele zimekwisha. Ukitaka kujua nilipo, niulize. Nikikujibu, uniamini. Ukishindwa hilo, mimi nitarudi kwetu, na siku hiyo pia hutanisikia nikiondoka."

Wifi akapanda. Gari likatoka taratibu. Mchana kutwa alikuwa akiinua kichwa, anatega sikio, anasikia nyundo yangu tu. Mara mbili alinitazama kama vile nimemficha mke wake mfukoni.

Jioni wifi aliingia na kreti tupu. Kaka alisimama, akafuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena.

"Umetoka wapi?" akauliza, kwa sauti ya chini kabisa.

"Kwa Ndevu," wifi akasema, akimtazama usoni. "Nimempelekea mikate."

Kaka akafungua mdomo. Akaufunga. Kisha akazipokea kreti mikononi mwa mkewe, akaenda kuziosha.