Simba Mwenye Mabawa Kwenye Kaburi la Asembo

Sydney alimshika bega simba wa saruji aliyemleta kutoka Kisumu kupamba kaburi la kaka yake kijijini Asembo. Simba mwenyewe ana mabawa na mdomo wa tai!

“Shemeji, Warumi wa kale waliwachonga hawa kwenye majeneza yao ya mawe,” alimwambia Perez, mjane wa marehemu. “Wanamlinda maiti dhidi ya wezi.”

Perez alimtazama. Matanga hayajaisha, na pikapu iliyomleta simba sasa imepakiwa injini ya boti na nyavu za mumewe. Sydney alikuwa amevaa hata koti la marehemu, eti ni desturi ndugu kugawana.

“Mlinzi gani huyu?” Perez alifoka. “Mbona hajakung'ata?”