Futikamba wa Saltwater

"Vipi dogo?"

Kiangazi kizima Barry Petchell aliniuliza hivyo kila mazoezi yakiisha, akiwa ameegemea gari langu kama vile analinunua.

"Dogo mzima. Mimi goti linaniuma, asante kwa kuuliza."

"Sijakuuliza wewe, Dom."

"Najua, Barry. Ndo maana nimekushukuru mapema."

Barry ndiye anayezunguka kuitafutia vijana Saltwater, klabu yetu ya mpira ule wa umbo la yai, unaopigwa kwa mguu na kudakwa kwa mikono. Msimu mzima yuko barabarani, anakula pai ya nyama juu ya usukani, analala vyumba vya juu ya baa katika miji yenye mtaa mmoja, halafu Novemba klabu zote zinakaa na kuchagua watoto kwa zamu, aliyeburuza mkia akianza. Ikiisha siku ile, kazi yake inabaki moja: kukosa usingizi. Mwaka huu tulikuwa wa tatu kutoka mkiani, tukachagua wa tatu, na Barry akamchukua Tobin Haldane, miaka kumi na nane, mtoto wa mashamba ya ngano ya Wycheproof. Mrefu, mikono mirefu, anaomba radhi hata akikanyagwa. Wa tatu tuliyemchagua mwaka juzi sasa hivi anauza magari Geelong. Kwa hiyo mzee alikuwa na haki ya kuuliza.

Mimi sikuchaguliwa na mtu Novemba hiyo. Mimi Saltwater walishaniacha misimu miwili nyuma, baada ya mechi arobaini na moja na magoti mawili kupasuliwa. Ila sheria inaruhusu klabu ibakize nafasi moja wazi mpaka Februari inaisha, na kwa nafasi hiyo moja wanaita watu wa majaribio. Hakuna mkataba. Unavaa jezi ya mazoezi isiyo na namba, unakimbia asubuhi na wenzako wenye mishahara, mchana unarudi kwenye kazi yako. Yangu ni kufunga dari za jipsamu. Ukishabeba ubao wa jipsamu kwa kichwa mchana kutwa baada ya kuruka na watoto asubuhi nzima, jioni shingo inageuka upande mmoja tu, na huchagui upande gani.

Hiki kilikuwa kiangazi changu cha tatu cha majaribio. Mara ya kwanza nafasi alipewa mwingine. Mara ya pili hawakumpa mtu, wakaniambia nisilichukulie vibaya.

Kwa nini waliendelea kuniita, alinieleza Ajak Thon. Ajak naye alikuwa wa majaribio, jitu la miaka kumi na tisa kutoka Sunshine, alikuwa anacheza kikapu mpaka mwaka jana na mpira wetu bado anaushika kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake.

"Babu, kweli hujui?" akaniambia. Nina miaka ishirini na saba. "Wewe ni futikamba."

"Futikamba nini?"

"Hawa wakitaka kujua mtoto mpya ana urefu gani, wanamsimamisha kwako. Akikushinda, wamepata mchezaji. Asipokushinda, wanamtazama Barry."

"Na futikamba yenyewe nani anaipima?"

"Futikamba inakaa kwenye sanduku la fundi, babu. Hapo ndo kwake."

Nilicheka sana. Usiku ule nilimsimulia Renee, mke wangu, nikidhani naye atacheka. Akaendelea kukunja nguo.

"Kiangazi hiki ndo cha mwisho, Dom," akasema. "Sigombani. Nakwambia tu."

"Kocha Mottram anasema mwaka huu beki hana. Nafasi ipo kweli."

"Mwaka jana alisema nini?"

Mwaka jana alisema hivyohivyo.

Basi, wakanisimamishia Tobin. Kila asubuhi, mimi na yeye, mpira unapigwa juu, tuone nani atadaka, maana kwetu aliyeudaka hewani hupewa aupige bila kusumbuliwa. Wiki ya kwanza nilimtuma stoo kwa mzee wa vifaa akaombe mpira wa mguu wa kushoto, maana yeye anapiga kushoto. Akaenda, maskini ya Mungu. Akarudi na mpira mkononi, uso mtulivu.

"Ameniambia na wewe wako upo, babu," akasema. "Lakini umeisha muda wake."

Nikajua huyu ana kitu. Lakini kwenye kudaka, sivyo. Nilimshinda Desemba yote. Nilimshinda kwa mwili, nilimshinda kwa kiwiko ambacho mwamuzi hakioni, nilimshinda kwa kumwambia "kamba za kiatu" mpira ukiwa hewani. Baada ya Krismasi alianza kuchukua mmoja katika mitano, halafu mmoja katika mitatu. Mwishoni mwa Januari asubuhi moja alinipanda mgongoni, goti lake likaniingia kwenye bega, akaudaka mpira huko juu huku mimi natazama majani. Aliposhuka akasema samahani.

"Ukisema samahani tena nakupiga," nikamwambia.

"Sawa, babu. Samahani."

Barry kwenye ukingo wa uwanja alikuwa anajifuta macho, akisingizia jua.

Kitu kimoja tu kilibaki hakijapimwa, na kwetu hicho kikikosekana vyote vingine ni bure. Mpira unatoka nyuma yako, unapita juu ya kichwa, na wewe unaukimbiza kule unakoenda, macho juu. Mbele yako kuna mtu anakuja mbio kuufuata mpira huohuo. Yeye anakuona. Wewe humwoni. Tunaita kukimbia kipofu. Mazoezini hatufanyi hivyo, mifupa ni ya gharama. Lakini mtu akikwepa siku ya mechi, hata mara moja, watu hawasahau. Mjomba wangu mpaka leo ukimtajia mchezaji fulani wa enzi zake, mabao mia tano, anachosema ni kimoja: "Alikwepa." Basi, mazungumzo yamekwisha.

Ijumaa ya mwisho ya Februari tukacheza wenyewe kwa wenyewe, wekundu na weupe. Mottram alishatangaza: baada ya mechi anajaza nafasi iliyobaki. Tobin mshambuliaji wa wekundu, mimi beki wa weupe, mimi kwake, yeye kwangu. Joto lilikuwa la kuchoma soli. Ajak upande wa pili alikuwa anarukia kila kitu, vingine havikuwa hata mpira.

Nilicheza vizuri. Nalisema kwa kuwa hakuna mwingine aliyelisema. Robo mbili za mwanzo dogo hakupata kitu, na watu wachache waliokuja na viti vyao wakaanza kunikumbuka jina. "Msage, Scarpaci!" mama mmoja akapaza sauti. Nikamwambia Tobin, "Umesikia? Wanataka unga." Akacheka, akanisukuma, nikamsukuma. Nilianza kuiona jezi yenye namba. Nilianza hata kuchagua namba.

Robo ya tatu, mpira ukapigwa kutoka katikati, mrefu, wa juu sana. Tobin alikuwa amesimama mbali na goli, ukampita juu ya kichwa. Akageuka akaanza kuukimbiza kuja golini, shingo ameikunja nyuma, macho juu. Mimi nilikuwa golini. Nikatoka.

Kama hujawahi kuwa pale, nikwambie, ni rahisi. Mimi ndiye ninayeona. Kazi yangu ni kwenda moja kwa moja, kudaka, na mwili wangu kufika kwake pamoja na mpira. Nimefanya hivyo tangu nina miaka kumi na miwili. Nilivunja mbavu zangu hivyo, nikavunja za wengine, tukanywa bia pamoja baadaye. Nilimwona anakuja, kifua wazi, kidevu juu, mtoto mzima wa watu, na sikumwonea huruma hata kidogo. Nakula kiapo. Nilikuwa nautaka ule mpira kuliko chakula.

Miguu ikaenda pembeni.

Si sana. Nusu hatua. Nikanyoosha mkono mmoja kama mtu anayesimamisha teksi, na Tobin akapita pale nilipotakiwa kuwepo, akaudaka, akaanguka, akabingirika nao. Makofi. Wekundu wote wakamrukia, wanamvuruga nywele. Barry alikuwa ameruka ua, mzee wa miaka sitini na ushee.

Tobin alipoinuka akanijia.

"Babu. Umenipisha?"

"Piga mpira wako, dogo," nikasema.

Akaupiga. Bao.

Baada ya mechi Mottram akaniita ofisini. Barry alikuwa humo, amesimama, amekataa kiti. Kwenye kioo cha televisheni ukutani walikuwa wameisimamisha picha ya kamera ya nyuma ya goli: mgongo wangu, uso wa Tobin, mpira kati yetu hewani.

"Kaa, Dom," akasema Mottram. "Umecheza vizuri."

"Asante, kocha."

"Nina swali moja, na nataka unijibu bila vichekesho. Najua ni kazi kwako." Akagonga kioo na kalamu. "Hapa. Ulimwachia?"

Akaendelea, taratibu, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa.

"Kama ulimwachia, nakuelewa. Mtoto mpya, watu wanatazama, umeona usimvunje. Mtu wa namna hiyo namtaka kwenye timu changa, na beki sina, unajua. Lakini basi hapa dogo hajathibitisha kitu, na simpeleki timu ya kwanza mpaka nione. Ataanza na akiba."

"Glenn," Barry akamwita kocha.

"Subiri, Barry. Na kama hukumwachia, Dom, basi dogo alikuja moja kwa moja, na mtu mzima mwenye mechi arobaini akampisha njia. Hapo nimeshajua kuhusu dogo." Akaweka kalamu mezani. "Na kuhusu wewe pia."

Barry alikuwa ananitazama. Hakuomba kitu. Alikuwa amechoka tu, kola ya shati imelowa jasho, na niliona wazi kwamba mzee yule amejibebesha mtoto yule mgongoni tangu Wycheproof na hajui amtue wapi.

Jibu nililokuwa nalo mdomoni lilikuwa tamu. Lilikuwa na jezi ndani yake, na namba, na Renee akinyamaza kwa furaha badala ya kule kunyamaza kwingine. "Nilimwachia, kocha, ni mtoto." Maneno mawili matatu. Hakuna kamera inayopiga picha ndani ya miguu ya mtu. Hata Tobin mwenyewe angeamini, alishaanza kuamini.

"Macho alikuwa amefumbua?" Mottram akauliza. "Kamera iko mbali, haionyeshi."

"Alifumbua," nikasema. "Alikuwa anatazama mpira mpaka mwisho. Mimi ndiye nilikuwa natazama pa kupita."

"Ulimwachia au hukumwachia?"

"Sikumwachia, kocha. Nilikwepa."

Neno lenyewe fupi. Nilidhani litanikwama, likatoka kama mbegu ya zabibu. Barry akakaa kwenye kile kiti alichokikataa. Mottram akaizima picha.

"Imeshatokea kabla?"

"Hapana."

"Ingetokea tena?"

Nilifikiria kumjibu kwa utani. Nilikuwa nao hata mmoja, mzuri, unahusu ngazi.

"Sijui," nikasema. "Na kama sijui, jibu tayari unalo, si ndiyo?"

Akanipa mkono. Akasema klabu ina bahati kuwa na mimi, maneno ambayo hupewa mtu akiwa ameshafika mlangoni. Akasema mwakani, wakija watoto wengine wapya, kama nitapenda. Nikamwambia mwakani nina dari. Nje, Ajak alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri kuitwa, magoti karibu na masikio.

"Vipi mle, babu?"

"Ingia ukasimame wima," nikamwambia. "Nafasi ya kimo chako imebaki."

Akanitazama kidogo, akaelewa. Akanishika bega alipopita.

Tobin alikuwa kwenye pipa la barafu nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo, maji mpaka kifuani, meno yanagongana. Pipa la pili lilikuwa tupu. Sikuwa na sababu ya kuingia, maana miili ya Saltwater ndiyo inayotunzwa kwa barafu ya Saltwater. Goti likaniambia ingia. Nikaingia.

"Wamekuuliza?" akasema.

"Wameniuliza. Sikukupisha, dogo. Nilikwepa. Udakaji ule ni wako, kihalali."

Alikuwa ananichunguza kama kuna mtego, na sikumlaumu. Halafu uso ukambadilika, na sikuipenda ile sura, nilishaivaa mimi zamani kwa ajili ya wengine. Ile ya mtu anayeamua asikutazame sana.

"Kwa nini unaniambia?"

"Utasikia tu kwa watu. Bora usikie kwangu."

"Uliniogopa?"

Nikafikiri. "Hapana. Nadhani nimechoka tu. Ila kwa mtu wa pembeni inafanana."

"Nafasi je?"

"Ya Ajak."

Akafungua mdomo.

"Usiseme samahani," nikamwambia.

Akaufunga. Tukakaa. Barafu ikawa inagongana taratibu kila mmoja wetu akipumua. Yule kijana wa mazoezi ya viungo, mwenye saa shingoni, ambaye kiangazi chote alikuwa anamfokea yeyote anayetoka kwenye barafu kabla ya muda, alikuja akamwangalia Tobin, akaangalia saa.

"Bado, Haldane. Kaa."

Mimi nikasimama, nikatoka, nikachukua taulo. Hakuniambia kitu.