Tairi Isiyomfikia Mbarak

Bi Kazija alikuwa amechutama mbele ya tairi, anabonyeza mpira kwa kidole gumba kama mtu anayechagua embe, wakati laobani Liang, mwenye duka, alipomwuliza kama bosi wake wa Unguja anataka kasia ndefu au fupi.

Tairi zenyewe hazina meno kama za gari. Zina makasia, yaani mabamba ya mpira yaliyosimama kulizunguka gurudumu, na kazi yake ni kuchota mchanga na kuurusha nyuma ili chombo kiende mbele. Hufungwa nyuma ya zile pikipiki za miguu minne ambazo watu wa hoteli huziita kwadi. Za mbele huwa laini, zina mshipa mmoja tu katikati wa kusaidia kukata kona.

"Ndefu," alisema Bi Kazija. "Shemeji yangu kasema mashine yake ina nguvu."

Shemeji yake ni Abdulhadi, mdogo wa marehemu mume wake, Mbarak. Alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti alfajiri, naye akausikiliza baada ya kutoa salamu ya sala. "Shemeji, hii mashine si ya kitoto. Nitafutie kasia ndefu, tena nyingi, zenye kuchota khasa. Wageni wanataka kuona mchanga unaruka." Bi Kazija alikaa Xiaobei, mtaa wa Kichina wenye wafanyabiashara wengi wa Kiafrika, na kuwanunulia vitu watu wa nyumbani wasioweza kusafiri: mapazia, vigae, masinki. Tairi za mchangani hakuwahi kununua, lakini hakununua kitu cha mtu bila ya kukijaribu kwanza, na ndiyo maana watu walimwamini.

Liang alilifunga tairi kwenye mota ya kujaribia. Chini ya mota palikuwa na karai kubwa la bati, tupu. Tairi za duka lile zikizungushwa hutoa zenyewe mchanga wa pale zitakapokwenda kupita. Mteja wa Dubai alitolewa mchanga mwekundu na kinyesi cha ngamia, akaridhika, akalipa. Liang naye aliona ni nafuu. Zamani alikuwa akinunua mchanga kwa gunia. Sasa mafundi wa ujenzi wa jirani ndio wanaokuja na matoroli kuuzoa kwake.

Akawasha. Tairi likazunguka, mchanga ukaanza kuruka, mweupe, laini kama unga wa muhogo, una harufu ya mwani.

"Kijichanga," alisema Bi Kazija. Kijichanga ndiko kwao Mbarak na Abdulhadi.

Yakafuata mawe madogo ya matumbawe. Ukafuata mzizi wa kile kijiti ambacho yeye mwenyewe alikipanda kaburini kwa mumewe, na ambacho hukitia maji kila anaporudi nyumbani. Kisha kikatoka kiwiko cha mkono, na Liang akazima mota. Mbarak akajiinua, akakaa kitako ndani ya karai, akapangusa mchanga kwenye ndevu. Sanda yake ilikuwa imechanika begani.

"Assalamu alaykum, Kazija."

"Wa alaykumu salaam." Bi Kazija akavua viatu, kwani penye makaburi mtu haingii na viatu. Liang alipomwona kavua naye akavua, na wateja waliokuwa mlangoni wakavua vyao wakidhani ndiyo sheria ya duka.

"Hiyo ndefu mno," alisema Mbarak. "Imenifikia."

"Pole."

"Nishapoa. Hakuna nyingine?"

"Iko, iko," alisema Liang, ambaye Kiswahili alijifunzia kwa wateja. "Hii kasia ya kupinda. Hii nzuri. Kila mtu napenda."

Wakati anafungua bolti aliingia Bernadette, mfanyabiashara wa Lubumbashi, amekuja kutafuta mipira ya ndani ya pikipiki. Aliruka lile rundo la viatu, akatazama karai.

"Mama Kazija, ule monsieur wa mu karai ni wa kwako?"

"Ni mume wangu."

"Ah! Bonjour, papa. Pole na safari."

"Ahsante, mwanangu."

"Anakonda," Bernadette alimnong'oneza Bi Kazija. "Lakini ni muzuri. Ungesema tu uko na bwana, mimi nilikuwa nakutafutia mutu."

Bi Kazija alikuwa anatazama bega la mumewe. Mbarak alipokuwa anaumwa aliomba jambo moja tu: azikwe Kijichanga, kando ya mama yake, kwa sababu kule kumetulia. Naye mkewe alimwahidi kwamba atatulia. Akatoa simu akampigia Abdulhadi.

"Shemeji, hizo kwadi zinapita wapi?"

"Ufukweni, shemeji. Mchangani."

"Mchanga wa wapi?"

"Mchanga ni mchanga."

"Abdulhadi. Zinapita makaburini?"

"Makaburi gani, shemeji? Pale hapana alama tena."

"Alama kaziondoa nani?"

"Yale mawe tumejengea kaunta ya kukodishia helmeti. Imependeza, nitakutumia picha. Na usidhani sina adabu. Kila mgeni nnamwambia aseme Bismillahi kabla ya kuwasha. Mjerumani anaisema vizuri kuliko watoto wa madrasa."

"Kaka yako yuko hapa."

"Wapi?"

"Dukani. Kwenye karai."

"Nipe nimwamkie."

Bi Kazija akampa Mbarak simu. Aliingojea kauli itoke, kwani Mbarak alikuwa mkubwa wa familia na neno lake halikurudishwa. Lakini ndugu wale walilelewa kwa adabu za Kiunguja, na adabu ina njia yake ndefu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Huko mnaendeleaje?"

"Alhamdulillahi. Watoto?"

"Wazima, wanakusalimu. Mdogo kaota meno."

"Mashallah. Paa mmeziba?"

"Tumeziba. Kaka, wewe unaonaje tairi?"

Mbarak alifikiri. "Hizi ndefu zinachimba," alisema. "Bado sijaziona za kupinda."

"Basi chagua unayoiona wewe, kaka. Wewe ndiye mtumiaji."

Simu ikarudi kwa Bi Kazija. "Mbona hukumwambia aache?" alimwuliza mumewe.

"Nitamkaripia mdogo wangu mbele za watu? Tena kwa simu?"

Bi Kazija akaichukua yeye kauli. "Shemeji, sinunui."

"Sawa, shemeji, sikulazimishi," alisema Abdulhadi kwa upole. "Nitampa kazi Swalha, mnunuzi mwenzako. Yeye atachukua zile ndefu bila ya kuwasumbua marehemu."

Bi Kazija alikaa juu ya katoni, akavuta uradi. Kisha akamwuliza Liang kama ipo tairi isiyogusa chini. Liang hakucheka. Aliangalia kwenye simu yake, akapekua rafu za nyuma, akarudi.

"Mei you, mama. Hakuna. Labda mwaka kesho."

Basi wakajaribu. Za kupinda zilimshika Mbarak kwenye nyonga. Zilizokatwa katikati zilimrushia mchanga machoni. Bi Hasna, jirani wa zamani aliyezikwa upande wa wanawake, alipaza sauti kutoka chini ya karai kwamba za mbele zile zenye mshipa zinamkata kila wanapogeuza. Bernadette, aliyekuwa ameshalipia mali yake, alibaki kutoa maoni.

"Mufungie papa ya mafupi," alisema.

Liang akafunga kasia fupi, pana, chache. Zikazunguka, na mchanga ukapita juu ya magoti ya Mbarak bila ya kuyagusa.

"Hii inapita kama mtu anachana nywele," alisema Mbarak. "Na waambie watie upepo kidogo. Tairi likiwa laini halizami."

"Nguvu inapungua," Liang alionya.

"Ipungue," alisema Bi Kazija.

Kumrudisha hakukuwa na tabu. Tairi la makasia lina mshale wa kuonyesha liende upande gani. Liang aliligeuza, akawasha, na tairi likaanza kuurudisha mchanga ndani. Bi Kazija alimwekea mumewe sanda sawa begani, akamsomea Yasini kwa sauti ya chini mpaka karai likabaki tupu. Kisha akachukua kalamu nene, akaandika juu ya katoni: TIENI UPEPO KIDOGO. UPANDE WA WANAWAKE MSIKATE KONA.

Mzigo ulipofika, Abdulhadi alituma video. Wageni walikuwa wanapita na kurudi, mchanga unaruka kidogo kidogo, na mbele ya kaunta ya matumbawe watu wamepanga foleni hadi barabarani. "Shemeji, Mungu akubariki," ilisema sauti yake. "Tairi hizi hazitikisi, hata vizee wanapanda. Nnaongeza kwadi. Niletee zile zile, na njia tunaisogeza mpaka kwa mama, pale kando ya kaka."

Bi Kazija aliitazama video mpaka mwisho. Kisha akasali, akapanda treni ya chini ya ardhi, akashuka karibu na duka la Liang. Mlangoni kulikuwa na viatu vingi. Akavua vyake, akavipanga pembeni, akaingia kumwuliza mama mkwe anapenda kasia gani.