Siku Tisa za Kunyamaza

Seremala huyo alikuwa mwembamba na mgumu, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Msumari. Miaka arobaini alipanda ngazi na mbao begani bila kuhema. Kisha akaanza kusimama katikati ya kazi, mkono kifuani, akijifanya anatafuta rula. Mkewe hakudanganyika. Rula ilikuwa mfukoni mwake siku zote.

Hospitalini, daktari wa moyo, mama mmoja mwenye sauti ya chini, aliwaeleza mambo mawili. Vali, ule mlango unaopitisha damu kutoka moyoni kwenda mwilini, ilikuwa imekakamaa, inafunguka kwa taabu. Tena mshipa mmoja unaoulisha moyo wenyewe ulikuwa umeziba robo tatu.

"Tunaweza kupasua kifua tukamaliza yote siku moja," alisema. "Au tuuzibue mshipa kwanza kwa kijibomba cha waya, halafu baada ya wiki sita tuweke vali mpya kwa kupitia pajani."

"Kifua changu si kabati, daktari," Msumari alisema. "Usikifungue."

Daktari alicheka, kisha akatulia. Baada ya kijibomba, mzee angemeza vidonge vya aina mbili vya kuzuia damu kuganda. "Mkiona choo cheusi kama lami, ni damu inavuja tumboni; mje siku hiyo hiyo. Si kesho. Damu ikipungua, moyo wenye vali kama hii hauna pa kukimbilia."

Kijibomba kiliwekwa salama. Wiki ya tano, asubuhi, Msumari alitoka chooni akaketi kitandani, uso umesawijika.

"Mama, ni cheusi."

Mkewe akachukua mkoba palepale. Msumari akamshika kiganja.

"Ukiwaambia, watasimamisha vidonge, na vali wataiahirisha. Nirudi nyuma ya foleni? Zimebaki siku kumi na mbili tu. Nakuomba. Na mtoto asijue."

Miaka arobaini na mmoja ya ndoa, mwanamume huyo alikuwa hajawahi kumwomba kitu. Aliagiza, alitania, alinuna, lakini kuomba hakuomba. Mkewe akauweka mkoba chini.

Alimpikia maini na mboga za majani. Kila asubuhi alimuuliza kwa macho, naye Msumari akatikisa kichwa: bado cheusi. Midomo yake ikaanza kupauka. Jioni mtoto wao, dereva wa malori, alipopiga simu kutoka safarini, mama alisema, "Hajambo, analala vizuri." Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilifika mwisho siku ya tisa, Msumari alipoanguka baina ya meza na mlango.

Walimwongezea damu. Wakakuta kidonda tumboni. Daktari alisimama kando ya kitanda, kalamu mkononi, haandiki.

"Nikiendelea na vidonge vyote, atavuja. Nikivisimamisha, kijibomba kinaweza kuziba. Nasimamisha kimoja."

Siku ya tatu, adhuhuri, mkewe alikuwa akimpangusa shingo kwa kitambaa.

"Kifua kinabana," Msumari alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema mlango unabana.

Kijibomba kilikuwa kimeziba. Wauguzi walikimbia na kitanda, gurudumu moja likilia, lakini hawakufika naye chumba cha upasuaji akiwa hai.

Baadaye, kwenye ukumbi, daktari aliuliza choo kile kilianza lini.

"Siku aliyoanguka," alijibu mtoto, aliyefika bado ana vumbi la safari.

"Hapana," mama yake alisema. "Siku tisa kabla. Nilijua."

Hakuna aliyemkemea. Ingekuwa nafuu.

"Kama ningemleta siku ile?" akamuuliza daktari.

"Tungekuwa na nafasi, mama. Kubwa kiasi gani, sijui. Sitaki kukudanganya."

Mtoto alikuwa akitazama sakafu. "Kila jioni nilikupigia."

"Ulinipigia, mwanangu."

Mtoto akaenda kutia saini karatasi za mochari. Mama akabaki benchini, amepakata mfuko wenye viatu vya marehemu.

Mtoto alimzika babake kwa heshima zote, na mbele za watu alimshika mama mkono asijikwae. Lakini aliporudi barabarani, simu za jioni zilikoma. Ilipita miezi mitatu ndipo akapiga, na hata hapo aliuliza tu kama huko nyumbani mvua imenyesha.

"Imenyesha," mama alisema, akangoja. Upande wa pili, injini ya lori ilikuwa ikinguruma.